Maneno ya wazee ya kikohozi na maradhi mengine: kimeo, mkamba, belghamu, kupwewa sauti... wenyeji wa pwani nisaidieni

MwanaMbeya

Habari zenu wadau. Mimi ni nesi, nyumbani Mbeya, nimehamishiwa zahanati moja huku wilaya ya Pangani, Tanga. Kazi naipenda na watu wa huku ni wakarimu mno, ila kuna jambo chuoni hatukufundishwa kabisa, nalo ni maneno wanayotumia wazee kueleza wanavyoumwa. Sisi tulitoka na kifua kikuu, nimonia, pumu, presha, sukari, basi. Sasa huku bibi anaingia, anakaa, anashika koo, anaongea kama ananong'ona, "mwanangu nimepwewa na sauti, belghamu imenikaba na ule mkamba wangu umerudi." Nikimuuliza neno mojamoja ananieleza vizuri na kwa subira, lakini nje foleni imefika kwenye mwembe na kitabu cha wagonjwa kinataka jina la ugonjwa ambalo wilayani wataelewa.

Siku nyingine kaja mama na mtoto wa kama mwaka hivi, kakonda, anakohoa mpaka anatapika. Namuuliza kikohozi kimeanza lini ananijibu hicho kitaisha tu maana "ameshakatwa kimeo", yeye kaja nimuangalizie kidonda. Mwingine ana mshipa, mwingine baridi yabisi, yupo mtoto wanasema kabemendwa. Na mimi mwenyewe masika yangu ya kwanza huku nililala na homa kali, majirani wakaja kunipa pole wakasema huo ni mkunguru, mgeni lazima umshike.

Naomba wenyeji na wataalamu mnisaidie, haya maneno hasa ni nini na nikiyasikia nifikirie ugonjwa gani wa kitabuni. Nataka niyaandike kwenye daftari libaki hapa zahanati hata nikihamishwa, anayekuja ayakute. Msinijibu kwa kifupi, muda wa kusoma ninao usiku.

BintiTanga

Karibu Pangani nesi, na pole kwa mkunguru. Mimi mzaliwa wa Tanga mjini, bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga wa mtaa kwa hiyo haya maneno nimekua nayo ndani ya nyumba. Nianze na hilo la bibi wa watu.

Kupwewa na sauti ni sauti kukauka, imekwenda. Ni kupwa kulekule kwa maji ya bahari, maji yanapokupwa pwani inabaki wazi, basi na sauti hivyohivyo. Mtu anaweza kupwewa kwa kulia msibani, kwa kuimba usiku kucha harusini au kwa mafua, hapo hakuna neno. Ila mtu mzima ambaye sauti imempwea wiki zinapita hairudi, na hasa kama ni mvutaji, huyo usimpe dawa ya kikohozi ukamuacha aende, mpe rufaa akaangaliwe koo.

Belghamu ni makohozi, yale mazito yanayonata. Hapa ndipo penye faida kwako kwa sababu mzee akikwambia "nakohoa" umepata kidogo sana, lakini akikwambia ana belghamu ujue kina kitu kinachotoka, sio kikohozi kikavu, na ukiuliza rangi yake atakwambia bila kuona aibu, nyeupe, ya kijani, au ina damu. Neno kohozi wengine wanaona ni la kinyaa kulitamka mbele ya mtu wa heshima kama wewe, belghamu wanaona ni neno la kitabibu.

Mkamba ni kikohozi cha kifuani kinachorudirudi, hasa vipupwe, kifua kinavuma, asubuhi mtu anakohoa mpaka atoe kitu ndio apate nafuu. Kitabuni ni yale mambo ya kuvimba njia za hewa. Wanawake wengi waliopika kwa kuni miaka yote kwenye jiko lisilo na dirisha wanao, kwa hiyo muulize anapikia nini na wapi. Kichomi ni kingine, kichomi ni maumivu ya kuchoma ubavuni ukivuta pumzi, ndio maana zamani hata vipeperushi vya serikali viliandika kichomi kwa maana ya nimonia. Mzee akikwambia ana mkamba anajua mwendo wake, anaweza kusubiri foleni. Akikwambia kimemshika kichomi na ana homa, muite aingie kwanza.

Alafu kuna kifaduro, na hapo nataka usimame kidogo kwa huyo mtoto wako anayekohoa mpaka anatapika. Bibi yangu alikuwa akimsikia mtoto nyumba ya pili anasema hicho ni kifaduro kabla hajamuona. Mtoto anakohoa mfululizo hapati nafasi ya kuvuta pumzi, uso unaiva, macho yanatoka machozi, mwisho pumzi inaingia kwa mlio mrefu halafu anatapika, baada ya hapo anacheza kama hana kitu mpaka kimshike tena. Kichanga hata huo mlio hana, yeye anaacha tu kupumua akabadilika rangi. Ndio maana chanjo yake inaanza mapema, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, sindano moja pamoja na dondakoo na pepopunda. Muombe mama kadi ya kliniki uone kama zote zipo.

Na ukisikia mtu anabanja kikohozi mlangoni kwako, huyo haumwi. Hicho ni kikohozi kidogo cha kujulisha kwamba nipo, watu wa zamani hawapendi kuingia ghafla. Mwambie karibu.

Mkunguru ni homa inayomshika mgeni aliyehamia mahali, wenyewe wanasema mwili unapigana na maji na hewa ya ugenini. Ukiitazama kwa macho ya kisasa inaleta maana kabisa, mtu wa nyanda za juu kwenye baridi hajazoeana na malaria kama aliyekulia pwani, akishuka inampiga kweli. Ila usikubali kuambiwa utazoea, kila homa kapime.

DoktaKijiji

Nesi, BintiTanga kamaliza vizuri, mimi niongeze kwenye kimeo kwa sababu nimefanya kazi miaka mingi mkoa wa Pwani na hili jambo linaniuma rohoni.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa juu ya koo, wengine wanakiita kidakatonge, wengine kilimi. Kila binadamu kazaliwa nacho. Watu wanaamini kinarefuka, kinashuka kinatekenya koo, ndio mtoto anakohoa, anatapika, hanyonyi, hanenepi. Kwa hiyo wanampeleka kwa mkata vimeo. Anakaa mama, mtoto kapakatwa kabanwa mikono, ulimi unakandamizwa kwa kijiko, kinyama kinashikwa kinakatwa, inapakwa dawa ya majani, imeisha. Dakika chache tu. Kifaa kilekile kesho kinaingia kinywani mwa mtoto mwingine. Nimepokea watoto wanaotoka damu haikatiki, nimepokea wenye usaha kooni, na hapo njia iko wazi kwa pepopunda na virusi vya ukimwi.

Kinachofanya imani isife ni kwamba wengine wanapona kweli kikohozi baada ya kukatwa. Wanapona kwa sababu kikohozi cha mafua huisha chenyewe ndani ya wiki moja au mbili, na kwa mkata kimeo watu hawaendi siku ya kwanza, wanakwenda wakishachoka na dawa za dukani, yaani kikohozi kiko ukingoni. Kinapoisha sifa anapewa mkata kimeo. Hiyo hesabu mweleze mama taratibu, bila kumgombeza, utashangaa anavyokuelewa. Ukimgombeza hatarudi, na mtoto anayefuata atamkata hukohuko usijue.

Cha kuogopa zaidi ni yule ambaye kikohozi chake sio cha mafua. Watu wazima nao hukatwa kimeo, mtu anakohoa miezi, kumbe ni kifua kikuu, anatoka kwa mkata kimeo anarudi nyumbani analala chumba kimoja na watoto. Kwa hiyo ukisikia neno kimeo wewe tafsiri yake kichwani iwe "kikohozi cha siku nyingi", uanze kazi. Mtu mzima amekohoa wiki mbili au zaidi, makohozi yakapimwe. Anatoka jasho usiku, amepungua uzito, nyumbani kuna aliyewahi kutumia dawa za TB, uliza yote hayo. Mtoto mkae naye ametulia, hana kilio, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50 au zaidi, wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40 au zaidi, hiyo ni nimonia mpaka ithibitike vinginevyo. Funua nguo uone kama kifua chini kinabonyea ndani anapovuta hewa, kikibonyea mpe dozi ya kwanza ya antibayotiki na rufaa. Huyo wako aliyekonda apimwe uzito, mkono upimwe kwa ule utepe wa rangi, apimwe na virusi vya ukimwi yeye na mama yake.

Na kwenye kitabu andika ugonjwa uliouona, halafu pembeni andika "kimeo kimekatwa". Ukifanya hivyo miezi kadhaa wilayani watajua kijiji gani kuna mkata vimeo, na wanaweza kwenda kukaa naye wakaongea.

Mvita_Kibokoni

Salaam kutoka Mombasa. Nimefurahi sana kuona haya maneno yaandikwa maana na sisi huku vijana wayapoteza. Nesi, kitu cha kwanza ukikutana na Mkenya angalia neno homa. Kwenu Tanzania homa ni mwili kuchemka. Huku mtu akikwambia nina homa mara nyingi ana mafua tu, kamasi zamtoka, koo lamwasha, na joto la mwili hana. Nimeona mama ametoka Voi kwenda kwa dadake Muheza, kule kliniki asema mtoto ana homa, apimwa malaria, hana, arudishwa, kumbe yeye alitaka dawa ya mafua tangu mwanzo.

Surua yenu sisi twaita ukambi. Matubwitubwi wengine huita machubwichubwi, wazee husema perema, yote ni yale mashavu kuvimba chini ya masikio. Tetekuwanga twaelewana. Ndui ndio tete la mauti lile, na mzee mwenye makovu ya mashimo usoni akikwambia aliugua ndui utotoni mwamini, hayo si tetekuwanga. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa wa hapo jirani tu, mji wa Merca Somalia, Oktoba 1977, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin. Alipona, na mwaka 1980 shirika la afya la dunia likatangaza kwamba ndui imekwisha.

Sasa kubemenda. Kilifi Wamijikenda wana chirwa ambayo ni ndugu yake kabisa. Yaani mtoto hakui, miguu myembamba, ngozi imelegea, ahara, na jamii yasema wazazi wamevunja mwiko, mmoja amekwenda nje ya ndoa au wamekutana kabla ya wakati mama akiwa yuwanyonyesha. Nesi hapa nakuomba uwe mpole sana. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo yuwaogopa macho ya watu, kwa hiyo atamfunika mtoto kwa leso mpaka usoni, ataja mwisho baada ya watu kupungua au hatakuja kabisa. Akiletwa na mama mkwe usimuulize mambo mbele ya mama mkwe. Mtoto mwenyewe ni njaa ya chakula cha kujenga mwili, au aliachishwa ziwa mapema, au ana TB, au virusi, au kuhara kusikokwisha, na yote hayo yana dawa. Mimi dadangu mkubwa alifichwa chumbani na mwanawe kwa neno hili, yule mtoto leo ni dereva wa matatu Likoni mzima kabisa kwa sababu jirani mmoja alimchukua mama kwa mkono akampeleka.

Na degedege mwaijua? Huku Mijikenda yuko nyuni, ambaye ni ndege. Wasema ndege amepita juu ya nyumba usiku, kivuli kimemwangukia mtoto, basi yuwakakamaa.

MwanaMbeya

Aisee asanteni, sikutegemea kupata mambo mazito hivi. DoktaKijiji nimeandika zile hesabu za pumzi kwa wino mwekundu. Yule mama nimemtumia ujumbe kupitia mhudumu wa afya wa kitongoji aje na kadi.

Mvita umenigusa hapo kwenye degedege. Nimelisikia hilo neno huku tena mara nyingi kwa sauti ya chini, kama hawataki kulitaja. Kuna mtu anaweza kunieleza wanafanyaje wakishaona ni degedege? Maana wanatufikia wamechelewa.

BintiTanga

Hawataki kulitaja kweli, ukilitaja unaliita. Wengine hawasemi degedege, wanasema mtoto "ameshikwa" au "ana yule mdudu". Dege ni ndege mkubwa, na wazee wanasema anapita usiku, mtoto anashtuka, macho yanapanda juu, meno yanaumana, mwili unakaza na kurusharusha.

Wanachofanya kwanza ni moshi, wanachoma kinyesi cha tembo kilichokauka, mtoto anafunikwa nguo juu ya moshi. Wengine wanamkojolea, mama mwenyewe, usishangae wala usicheke, mama anafanya hivyo kwa uchungu wa mwanawe. Mvuje unafungwa kwenye kitambaa mkononi, harufu yake kali inafukuza. Kwa sheikh wanaandika kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani inaoshwa kwa maji anakunywa. Haya ya mwisho hayana madhara ila yanakula muda. Lililoua watoto ni moja, imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Na imani hiyo ilikuwa na ushahidi machoni mwao, maana waliopelekwa hospitali walikuwa ni wale walioshindikana kwa mganga, wamefika hawana fahamu, wamechomwa sindano na wamefariki palepale. Ungekuwa wewe ungeona nini?

Kwa hiyo wewe usipigane na mganga. Kuna waganga huku wenyewe wanasema, mimi natoa dege, nyinyi mtoe malaria, wanamtuliza mtoto na wanampakia kwenye bodaboda haohao. Mtafute wa eneo lako, kaa naye, mnywe chai.

DoktaKijiji

Nakubaliana. Kitaalamu degedege ni mtukutiko, na huku kwetu mtoto mdogo mwenye homa na mtukutiko wazo la kwanza ni malaria kali iliyopanda kichwani, pili homa ya uti wa mgongo. Wengine ni joto tu la homa limewapandisha na wanaamka wazima, lakini huwezi kujua kwa kumtazama. Wafundishe kinamama kliniki, mtoto alazwe ubavu, nguo zilegezwe shingoni, asiwekewe kijiko wala kidole mdomoni, asinyweshwe kitu mpaka azinduke. Akifika pima malaria na sukari ya damu. Kama rufaa iko mbali na yuko chini ya miaka sita, ile dawa ya malaria, artesunate, ya kuweka njia ya haja kubwa ipo kwa kazi hiyo, muwekee kabla hajaondoka. Na kwa sababu inawekwa chini na sio sindano, wazazi wanaikubali upesi.

ChakeChake_Muscat

Assalaam aleikum. Mie Mpemba, nakaa Muscat siku nyingi, bibi yangu mzaa baba alikuwa na kabati zima la dawa za miti na akitibu watu wa mtaa bila kutaka pesa. Mmeitaja belghamu na baridi yabisi bila kusema kwamba hayo ni maneno ya nyumba moja, na ukiijua hiyo nyumba maneno mengi ya wazee yanafunguka yenyewe.

Tiba ile ya zamani iliyotoka kwa Wayunani, kina Bukrati na Jalinus, ikaja kwa Waarabu na akaiandika vizuri Ibn Sina aliyefariki 1037, inasema mwili una majimaji manne. Damu ni ya moto na unyevu, safura ni ya moto na ukavu, belghamu ni baridi na unyevu, sauda ni baridi na ukavu. Mtu mzima wa afya ni yule ambaye yote manne yako sawa. Ikizidi moja, maradhi. Yabisi ni kukauka, kwa hiyo baridi yabisi ni baridi na ukavu vimeingia kwenye viungo, magoti yanauma, vidole vinakaza asubuhi, kiuno hakinyanyuki. Basi bibi alikuwa hampi mgonjwa wa baridi yabisi mtindi wala madafu, anasema unamzidishia baridi. Anampa tangawizi, mdalasini, pilipili manga, anamchua na mafuta ya karafuu usiku. Kwa mwenye belghamu vivyohivyo, vya moto, na habasoda na asali. Hata hapa Oman wazee wanaongea hivihivi, ukenda dukani kwa muuza dawa ukasema balgham anakupa anachojua yeye bila kuuliza mara mbili.

Sasa nesi, faida yake kwako. Mzee akikwambia "haya maradhi yangu ya baridi" hazungumzii hali ya hewa, na ukimpa ushauri ajifunike atakuona hujamfahamu. Muulize viungo gani, asubuhi au jioni, vinavimba au vinauma tu. Kidole gumba cha mguu kikivimba ghafla usiku kikawa chekundu hataki hata shuka limguse, hilo ni jongo, siku hizi wanaita gauti, na dawa yake ni nyengine.

Safura nayo ilihama. Zamani ilikuwa ni ile nyongo ya manjano, siku hizi ukisema safura Unguja na Pemba watu wanafahamu mtu aliyepauka, uso na miguu imevimba, anachoka kupanda ngazi, moyo unamwenda mbio, na anakula udongo. Hiyo ni minyoo midogo inayoingia kwenye nyayo za anayetembea pekupeku shambani, inakaa kwenye matumbo inanyonya damu kidogokidogo. Mpe dawa ya minyoo na ya kuongeza damu. Mwanamke akikuficha kwamba anakula udongo muangalie kwenye pindo la kanga, mara nyengine kaufunga hapo.

Kaka_Segera

Mimi nachangia madogo madogo tu ya kila siku. Kipandauso ni kichwa kinachouma upande mmoja au kwenye paji, mtu hataki mwanga. Mafindofindo ni tonsesi. Mtoki ni tezi ya kwenye kinena kuvimba, huwa kuna kidonda mguuni, angalia hata kati ya vidole. Chokea ni kijipu cha kwenye kope. Mdudu wa kidole sio mdudu, ni usaha chini ya ukucha, unauma usiku mtu halali. Kwikwi wengine wanaita chechevu. Kupaliwa ni chakula au maji kuingia njia ya hewa, kwa hiyo mtoto anayekohoa ghafla alikuwa anakula karanga muulize mama kama alipaliwa, hiyo dawa ya kikohozi haitamsaidia.

NewalaYetu

Nimesoma mpaka mwisho na naona homa za viungo zimesahaulika na ndizo zenye majina yaliyosafiri mbali. Mimi Mmakonde wa Newala. Mwaka 1952 kwenye nyanda zetu za Makonde uliingia ugonjwa, homa ghafla, vipele, na viungo vinauma kiasi kwamba mtu mzima anatembea amejikunja hawezi kunyooka. Wazee wetu wakauita kwa kitenzi cha Kimakonde cha kujikunja, chikungunya. Madaktari waliokuja kuuchunguza, Robinson na Lumsden, wakaandika jina hilohilo kwenye taarifa zao za 1955 na leo India, Brazili, Ufaransa, kokote mtu anakoumwa ugonjwa huo anaandikiwa neno la Newala kwenye cheti. Mimi hilo linanipa fahari, bibi zetu waliumwa wakaona vizuri na kutaja vizuri.

Na pwani walikuwa na lao, kidingapopo, au kama walivyoandika wazungu, kidinga pepo. Daktari Mskoti James Christie aliyekuwa Zanzibar alieleza kwamba ulipoingia mwaka 1870 watu wazima waliutambua, wakasema huu tuliuona tukiwa watoto miaka ya 1820. Wapo wanaosema neno dengue lenyewe, ile homa ya mbu inayoweza kumtoa mtu damu, lina undugu na hilo, na wataalamu wa baadaye waliosoma maelezo ya Christie wanaona ule wa 1870 kwa dalili zake unafanana zaidi na chikungunya kuliko dengue. Kwa nesi hilo lina maana moja ya kazi, mtu mwenye homa na viungo, kipimo cha malaria hana, usimpe dawa ya malaria kwa mazoea, na usimpe aspirini wala diklofenaki mpaka ujue sio dengue kwa sababu ya kutoka damu. Panadoli na maji mengi, arudi kesho umuone.

Huyohuyo Christie alifuatilia kipindupindu cha 1869 kijiji kwa kijiji kwa kuwauliza wafanyabiashara wa misafara, akaona kilishuka kupitia nchi ya Wamaasai mpaka hapo Pangani unapokaa wewe, ndipo kikavuka bahari kwenda Unguja. Kaka zangu wa Pangani wengi hawaijui hiyo.

MwanaMbeya

Daftari limejaa upande mmoja, naanza wa pili. Limebaki mshipa. Yule mzee wangu anarudi Alhamisi, ni mtu mwenye aibu, anasema mshipa tu halafu anaangalia chini.

DoktaKijiji

Kwa mwanaume wa pwani mshipa ni neno la heshima la sehemu za siri, na chini yake kuna mambo mawili ambayo lazima uyatenganishe. Moja ngiri, utumbo umeshuka kwenye kinena. Mbili busha, maji yamejaa kwenye korodani. Tafuta chumba chenye mlango, kama kuna muhudumu wa kiume mwombe awepo, na muulize kwanza "baba, ukilala kinarudi?" Ngiri mara nyingi inarudi akilala na inatokeza akisimama, na ukimwambia akohoe unaiona inasukuma. Busha halirudi, na ukimulika tochi kwa nyuma chumba kikiwa giza mwanga unapita kwenye maji.

Atakwambia busha limetokana na kunywa madafu. Mweleze bila kumcheka kwamba ni vijidudu vya minyoo vinavyoletwa na mbu, ndio walewale wanaoleta matende, ndio maana kuna zile dawa za kumeza kila mtu mtaani hata asiyeumwa. Vyote viwili vinatibika kwa operesheni. Wengi wamekaa nalo miaka wakijificha, hawaendi hata msikitini, hawajui kwamba linaisha. Ila kama ni ngiri iliyokuwa inarudi na sasa imekataa kurudi, imekuwa ngumu, inauma na anatapika, hiyo usimpangie Alhamisi, ni gari leo hiihii mpaka hospitali ya wilaya.